Kidole cha Tano

Kwa miaka arobaini Fulbert alizibua mabomba ya nusu ya mji wa Houdan, ya kasisi yakiwemo, lakini asubuhi hiyo ya Jumanne kitundu kidogo kuliko punje ya dengu kilimtoa jasho. Kifaranga alilala kiganjani mwake akihema, kinyesi kimemgandia mkiani kama saruji.

"Maji ya vuguvugu, si ya moto," mkewe Solange alimwelekeza kwa simu kutoka hospitalini. "Lowesha, usivute. Ukivuta utamtoa utumbo."

"Kwani navuta? Namfuta kama mtoto wa mfalme."

"Na taa umeinua? Joto likizidi ndiyo wanaziba hivyo."

"Nimeinua, kuku wangu," Fulbert akajibu; ndivyo alivyomwita mkewe tangu uchumba.

Mbweha alikuwa amemaliza banda zima wakati wa baridi. Yalibaki mayai tisa kwenye mashine ya kuangulia, na katika tisa akatoka huyu mmoja, mwenye manyoya ya kidevuni na vidole vitano kila mguu, kama kuku wote wa ukoo ule aliourithi Solange kwa mama yake. Wiki hiyohiyo Solange naye tumbo likafunga, wakamlaza, wakampasua. Daktari akasema haendi nyumbani mpaka apate choo.

"Basi tushindane, mimi na yeye," Solange alisema. "Akipata yeye, nami nitapata."

Alisema akicheka. Fulbert hakucheka. Alimjua mkewe, hucheka hivyo akiwa na hofu.

Jumatano alimpa kifaranga tone la mafuta kwa kijiti, na kiini cha yai kilichopondwa. Alhamisi asubuhi akamkuta pembeni mwa sanduku, amekakamaa, miguu juu.

Saa sita simu ikalia, kama kila siku.

"Amepata choo?"

Fulbert akatazama sanduku. "Amepata! Tena kingi, kachafua hadi shati langu la kanisani."

"Basi na mimi nimepata," Solange akasema. "Sasa hivi tu."

Ijumaa, baada ya kumzika nyuma ya banda, akaenda sokoni.

"Una wa vidole vitano?" akamwuliza mama muuza vifaranga.

"Vitano vya nini, mzee? Unataka akupigie kinanda?"

Akanunua wa vidole vinne, wa rangi ileile. Njiani alifikiria kumbandikia cha tano kwa gundi. Mwishowe akamfunga bendeji miguu yote miwili, kazi safi kabisa, kama kiungo cha bomba.

Saa sita simu ikalia.

"Leo je?"

"Mara mbili!"

"Nami mara mbili," Solange akajibu. "Kesho wananirudisha."

Fulbert akakaa kitini akalia, kisha akacheka, kisha akakumbuka vidole.

Jumamosi gari la hospitali likamleta. Alikuwa amepungua hadi ungedhani koti ndilo limemvaa yeye. Dereva akamkabidhi Fulbert mfuko wa dawa bila kumtazama usoni.

Solange hakutaka kitanda. Alitaka sanduku.

"Miguu imekuwaje?"

"Aliteleza. Kateguka."

"Yote miwili?"

"Alianguka vibaya."

Solange akamweka kifaranga mapajani, akafungua bendeji taratibu, akagusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Moja, mbili, tatu, nne. Akahamia mguu wa pili. Moja, mbili, tatu, nne.

"Yule wako alikufa Alhamisi," Fulbert akasema. "Kabla hujapiga. Niliogopa nikikwambia utakata tamaa, na wewe choo kikwame hukohuko."

Akangoja matusi; kwa matusi mkewe hakuwa na mpinzani hapo mjini. Lakini Solange alimrudisha kifaranga chini ya taa, akaiinua taa kidogo, kisha akamshika mumewe mkono.

"Usisikitike, mzee wangu. Mimi nami sijapata choo hata siku moja. Walinifungua tumbo, wakatazama, wakanifunga tena bila kugusa kitu."