Sahani ya Ndoa

Kasanda hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto, wala meno ya mbele hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mkewe, Nyamizi, na sahani nyeupe ya kauri waliyopewa na serikali siku ya ndoa. Kila baada ya miaka kumi sahani za wanandoa zilikandamizwa kwa mashine. Isiyovunjika ilirudi nyumbani na wenyewe. Ikivunjika, mume alipelekwa mji huu na mke mji ule.

Kesho ilikuwa zamu yao. Kasanda, akitaka sahani ipendeze, aliisugua kwa mchanga, kama mama yake alivyokuwa akisugua masufuria.

Nyamizi akapitisha ukucha juu yake. Ukakwama.

"Mzee, hii ni sahani au magaga ya miguu yako?"

"Nimeitakatisha tu."

"Umeikwaruza. Kauri laini hustahimili mzigo. Ikiwa na mikwaruzo, ufa huanzia hapo hapo."

"Basi tuilainishe."

"Kwa kitu gani, na kipimo ni kesho asubuhi?"

Kasanda akakaa. Hakusikia uchungu; alisikia mikono yake tu, mizito kama si yake. Sheria iliacha upenyo mmoja: walioomba wenyewe kuachana, kwa barua iliyotiwa posta kabla ya kipimo, waliruhusiwa kuishi mtaa mmoja.

"Nyumba ya pili kutoka hapa ni tupu," Nyamizi alisema. "Nitakuletea uji."

"Usitie sukari nyingi."

Nyamizi akaandika barua, wote wakatia saini. Ulimi wa Nyamizi ulikuwa umekauka, basi Kasanda akailamba bahasha yeye, akaifunga, akaenda kuitumbukiza katika sanduku la posta.