Kambare wa Kenge

Alikuwapo Fisimaji, mama mwenye subira. Mto ulipokauka alichimba bwawa karibu na chemchemi, akapandikiza perege ili wanawe wasilale njaa. Perege wakazaana mno, wakabanana, wakadumaa wakawa vidagaa.

"Mama Fisimaji, unafuga samaki au viluwiluwi?" akamcheka Kenge, jirani yake mwenye husuda.

Kisha, kwa kumkomoa, akamwaga kambare wachanga bwawani. "Hao wageni wako. Watakumalizia perege wote!"

Majirani wakamsihi Fisimaji akaushe bwawa. Lakini yeye alimkamata kambare mmoja, akampanua kinywa.

"Kinywa hiki hakimmezi perege mkubwa," akasema. "Kinameza vifaranga vya perege tu, na vifaranga ndio wanaomaliza chakula. Waacheni!"

Kweli, kambare wakala vifaranga, na perege waliobaki wakapata nafasi ya kukua. Siku ya kuvua, wavu ulikuwa mzito hata majirani wote wakauvuta pamoja. Perege walikuwa wapana kama viganja, na kambare wamenona. Watoto wa Fisimaji wakaruka kwa vigelegele.

Kenge alisimama kando, kinywa wazi.

"Sogea, jirani," Fisimaji akamwita akicheka. "Chagua mkubwa. Wageni wako wametufaa sana."