Tone la Rangi ya Kucha

"Mota hii imetoka ng'ambo juzi tu, dada yangu. Garantii miezi sita," alisema fundi Hamduni dukani kwake. Ile aliyoifungua kwenye friji la Mwanaidi wiki iliyopita, alidai imeungua, ya kutupa.

Mwanaidi aliipokea kwa mikono miwili, maana barafu anazouza ndizo zinazolisha nyumba yake. Akaigeuza. Chini kulikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha, alilolitia mwenyewe siku ile ilipofunguliwa, fundi alipokwenda kunawa. Mama yake alimfunza: kitu hakiendi kwa fundi bila alama.

Akaanza kugeuza mota nyingine za rafuni.

"Dada, hizo usiguse!"

Chini ya kila moja, alama. Herufi. Msalaba. Uzi wa kijani. Jina la mtoto.