Nesi kwa Kila Kitanda

Mkunga alifungua kabati la kwanza, akakuta mashuka. Akafungua la pili, chupa tupu. Glavu zilikuwa kwenye droo iliyokuwa mbele ya tumbo lake muda wote. Akazivaa haraka na kuendelea na mgonjwa wake, bila kumwangalia mkaguzi.

Mkaguzi alimwangalia vizuri sana. Ofisini kwao walimwita Darubini, na jina hilo alilipenda kuliko lililokuwa kwenye kitambulisho. Leo alikuja kuipima hospitali hii ndogo ya mtaa. Watumishi wanatosha? Gharama zinaeleweka? Mgonjwa anahudumiwa kama mtu? Ikishindwa, wodi ya wazazi inafungwa.

Mpaka saa hiyo hakuwa ameona pa kuikosoa. Kila kitanda na nesi wake, kavaa barakoa safi, mpole, hana haraka. Hata simu za manesi, metroni, mkuu wao, alikuwa amezikusanya na kuzifungia ofisini, zote zimezimwa, ili wagonjwa wasisumbuliwe. Mkaguzi alilisifu sana jambo hilo.

"Huduma unaionaje, bibi?" alimuuliza mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

"Leo nimeletewa hadi mto, mwanangu. Nimeanza kuogopa. Au ndiyo nakufa, wananificha?"

Metroni alicheka kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe.

Simu ya mkaguzi ikatikisika mfukoni. Alikuwa mkwewe.

"Shikamoo, baba. Mwenzangu uchungu umemshika ghafla, kabla ya siku zake. Tumeshafika hospitali, tunasubiri nesi."

"Ile niliyowaambia?"

"Hiyo hiyo, ya ng'ambo ya reli."

Mkaguzi akashusha pumzi. Yule alikuwa binti yake wa pekee, na mimba yake ya kwanza iliharibika. Nyumba nzima ililia. Safari hii baba mtu hakutaka kubahatisha. Mwezi uliopita aliikagua hospitali ya ng'ambo ya reli yeye mwenyewe, akaipa alama za juu kuliko zote, kisha akamwambia binti: utazalia pale, na usinibishie.

"Basi tulieni," alisema. "Pale wakunga ni wa kumwaga. Watakuja sasa hivi."

Akaingia kwa mhasibu. Alipopitishwa kwenye gharama za mwezi, akakunja uso.

"Mishahara mbona kiduchu hivi, na watu wote hawa?"

Mhasibu alijifuta jasho. "Tunabana matumizi, mkubwa."

"Mnabana mpaka watu wanafanya kazi bure?"

Mhasibu akamwangalia metroni. Metroni akaangalia dari.

Ebo! Hapo ndipo Darubini alipoanza kuona. Mkunga asiyejua glavu zinakaa wapi. Nesi aliyemsikia akiuliza njia ya stoo. Bibi anayeshangaa mto. Wamemchezea shere! Wamewaokota watu mtaani, majirani na mashangazi, wakawavisha sare na barakoa wamdanganye yeye, mtu mzima, kazini kwake.

Simu tena.

"Baba, hapa hamna mtu. Nimezunguka hospitali nzima naita. Mwenzangu ana hali mbaya."

"Umezunguka wapi wewe? Nenda kagonge chumba cha wakunga! Pale napajua, nimepakagua mwenyewe. Acha papara, utamtia mwenzio hofu."

Akakata. Tusimsingizie ushujaa, aliogopa. Lakini hasira ya kufanywa mjinga ilikuwa kubwa kuliko hofu, na hasira ndiyo iliyomtoa nje mbio.

Uani palikuwa na basi dogo, dereva yuko kwenye usukani. Manesi walikuwa wameshaanza kupanda.

"Funga geti!" alifoka. "Hatoki mtu hapa! Shukeni wote, polisi wanakuja!"

Dereva akazima gari. Manesi wakashuka mmoja mmoja, vichwa chini. Metroni alishika kichwa kwa mikono miwili, akaketi kwenye ngazi na kuanza kulia.

"Nisamehe, mkubwa. Ninao wawili tu. Wawili, wodi nzima! Ungeifunga, akina mama hawa wangezalia wapi?"

"Kwa hiyo ukaona bora wazalishwe na mashangazi zako?"

Mkunga yule wa glavu akasogea mbele.

"Mkubwa, nakuomba kama mzazi. Tuandike majina, tukamate hata kesho, ila sasa hivi turuhusu tuondoke. Tumechelewa mno."

"Mtachelewa zaidi kituoni. Kuvaa sare ya uuguzi huna hata cheti, unajua ni kosa gani hilo?"

Simu ikatikisika tena. Mkaguzi aliitoa mfukoni, akaona ni mkwewe, akaibana kiganjani bila kupokea.

"Cheti?" Mkunga alivuta barakoa mpaka chini ya kidevu. "Mimi ni mkunga wa kusomea, na hawa wote ni wauguzi halali. Tumeazimwa tu kwa siku moja, ndivyo hospitali zetu zinavyosaidiana mkija. Kweli hunikumbuki, mkubwa? Mwezi uliopita, ng'ambo ya reli, ulinishika mkono mbele ya wenzangu ukanisifu."

Alimkumbuka. Simu mkononi mwake ikaacha kutikisika.

"Na kule," aliuliza kwa sauti ndogo, "mmemwachia nani?"

"Mlinzi," alisema mkunga. "Kule si ulishamaliza kukagua?"