Ngedere na Kapu la Karanga

Ngedere alikuwa hodari wa karata. Kila mchezo aliweka dau la konzi moja tu ya karanga, hata akipata karata nzuri namna gani, na kapu lake likazidi kujaa mpaka wenzake wakaishiwa kabisa.

"Wekeni dau!" akawahimiza.

"Kwa karanga zipi, bwana mkubwa?" Nungunungu akamuuliza.

Ngedere akakosa raha, maana bila wapinzani kapu lisingeongezeka tena. Akawagawia wote mtaji. Nungunungu na Panyabuku wakautafuna palepale.

"Jamani, mtaji huliwa?"

"Karanga zako tamu kweli," Nungunungu akasema, mdomo umejaa. "Au wewe unazionaje?"

Ngedere akachungulia kapuni. Tangu aanze kuzikusanya, hakuwahi kuonja hata moja.