Siku Komeo Aliporudi

Wa kwanza kuzomea alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata wanafunzi wake hawajawahi kumsikia akipaza sauti. Baada yake ukumbi mzima ukaitikia. Watu wazima na vitambi vyao, wamebanana kwenye viti vya shule ya chekechea, magoti yamefika kifuani, barakoa za bluu usoni, wanaizomea shuka.

Maana skrini yenyewe ilikuwa shuka, na aliyeipiga pasi asubuhi ile ni fundi cherehani, mwenyekiti wa mashabiki wa Kikosi cha Komeo. Barakoa zote alizishona yeye. Sasa alikuwa ameivua yake na kuifinyanga mapajani, akitamani ardhi ipasuke immeze, kwa sababu Komeo mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni pake.

Ndiye hasa, mwigizaji, sasa mzee wa mvi. Walipokuwa watoto walimwona kila Jumamosi kwenye televisheni akisimama mlangoni na mikono kiunoni, na hakuna jambazi aliyepita. Mwenyekiti alimganda kwa simu mpaka akakubali kuja kuitazama pamoja nao filamu hii mpya, ya kuwakutanisha tena mashujaa wote wa zamani. Alikuwa hajaiona.

"Wanataka nicheze na nyingine," aliwaambia kabla haijaanza. "Nikasema wangoje kwanza. Nyie ndio mnaonijua. Mkifurahi, nakubali. Msipofurahi, natundika barakoa."

Walimshangilia mpaka madirisha yakatetemeka.

Kikundi hicho kina mwiko mmoja: hakuna kuonjeshwa. Filamu hujaiona, basi usisome habari zake, usitazame tangazo lake, usiangalie hata picha za kwenye boksi. Kuna mtu alishawahi kusimamishwa uanachama kwa kusema tu, "Jamani, mtalia." Kwa hiyo taa zilizimwa kwanza, ndipo mwenyekiti akafungua boksi gizani, akapapasa, akaisukuma diski kwenye deki huku amefumba macho. Wenzake wakampigia makofi kwa uaminifu huo, naye akajisikia fahari kweli.

Filamu ikaanza, kama ule unaweza kuitwa mwanzo. Ule wimbo waliozoea kuuimba wakiwa bafuni haukupigwa. Hakuna kusalimiana, hakuna kukumbatiana. Mashujaa walitokea wameshanuniana, Komeo na rafiki yake wa kufa na kuzikana wanatwangana ngumi kwa jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Dada yake Komeo, kipenzi cha wote, alitajwa mara moja tu, tena kama marehemu. Halafu, watu ndio kwanza wanajiweka sawa vitini, ikaisha.

"Miaka yote hii tunangoja, halafu saa moja!" alifoka fundi wa friji.

"Na huyo adui katokea wapi?"

"Wamemuua dada wa watu bila hata kutuonyesha!"

Taa zilipowashwa, mzee alisimama. Kelele zikakatika. Akamgeukia mwenyekiti.

"Sema wewe kwa niaba yao, mwanangu. Usinionee haya."

Angeweza kudanganya. Uongo mzuri tu ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyekesha anashona kwa ajili ya upuuzi, na ikamponyoka.

"Mzee wangu, bora ungebaki nyumbani. Tungekukumbuka vizuri zaidi."

Hata waliokuwa wakizomea wakaangalia viatu vyao.

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu ya duka. "Palikuwa na kipande cha makaburini," alisema. "Nilimlilia dada yangu. Tulirudia na kurudia mpaka sauti ikanikauka, na mimi nikadhani sijawahi kuigiza vile maishani mwangu. Naona wamekikata. Basi nililia vibaya. Uzee huo, mtu hauoni mpaka aambiwe."

Masikio ya fundi cherehani yaliwaka moto. Alitaka kuomba radhi lakini kila neno alilolitafuta lilikuwa dogo. Mzee akatoa simu palepale, akampigia mtayarishaji wa filamu.

"Ndiyo, nimeiona. Hapana, mama, sirudi. Yule kijana mliyemjaribu, mpeni nafasi leo hii hii, asaini. Barakoa nitaituma kesho. Mimi basi."

Akawapa mkono wote. Mwalimu wa hesabu aliushika kwa mikono miwili, akashindwa kumtazama usoni. Teksi ikamchukua.

Mashabiki nao wakatoka mmojammoja bila kuagana, kila mtu ameficha barakoa mfukoni. Wifi yake fundi cherehani ndiye pekee aliyebaki kumsaidia kupanga viti.

"Aliomba ukweli, umempa ukweli," wifi alimbembeleza. "Sasa unalia nini?"

"Niache, wifi. Umemwona alivyoinama kuingia kwenye gari? Mimi ndiye niliyemwinamisha vile."

Alijifuta machozi kwa shuka, akaitoa diski kwenye deki. Hakutaka ilale nyumbani kwake hata siku moja. Mwiko haukuwa na kazi tena, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, alilifungua boksi kwenye mwanga.

Ndani mlikuwa na diski nyingine, inang'aa, haijaguswa na mtu. Juu yake Komeo amepiga magoti makaburini, analia, na chini ya picha pameandikwa: Sehemu ya Kwanza.