Kope la Kushoto

Mwanangu akinyonya, kope lake la kushoto hupanda na kushuka kila anapovuta titi. Akiacha, linamfunika nusu ya jicho.

Leo mama mkwe amerudia, mbele ya mume wangu: "Kwetu hakuna mtoto wa kukonyeza watu. Hiyo jicho imetoka kwenu." Mume wangu akainamia simu yake.

Nikampelekea mama mkwe chakula chumbani. Ni Mnyarwanda wa zamani, hali chakula mbele ya mke wa mwanawe. Akila, ni mwanawe tu anayeketi naye. Tangu niolewe hapa Gahanga sijamwona akitafuna. Jicho lake lililolegea nilidhani ni uzee.

Nikakumbuka chumvi. Nikarudi nayo, nikasukuma mlango bila hodi.

Alikuwa na muhogo mdomoni. Kila taya lilipofunguka, kope la kushoto lilipanda mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni. Likashuka. Likapanda tena, kama la mwanangu kifuani pangu.

Aliponiona, akameza donge zima. "Funga mlango," akasema.

Niligeuka nimwite mume wangu aje aone. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto mikononi.

Wala hakushangaa.